Jumamosi Mama Alipokwenda Mafundisho

Juzi mvua ilinyesha kutwa nzima na sweta la binti yangu halikukauka. Nikaliweka kwenye kiti karibu na jiko la mkaa, nikaendelea kumenya viazi. Haukupita muda ikanijia ile harufu: sufu mbichi inayopata joto, maziwa yaliyochachia kwenye kola, na moshi kidogo. Nikaacha kisu. Miaka mingi sikuwa nimeifikiria harufu hiyo, lakini nilijikuta nimekaa chini sakafuni, mikono imelowa maji ya viazi, na moyo unanienda mbio kama niliyeitwa jina na mtu aliye nyuma ya mlango.

Nataka kuandika habari za mdogo wangu. Sijui kama nitaweza. Shule niliishia la saba, na ninayoyaandika huwa ni ya kwangu tu, ya siku kwa siku, mvua imenyesha, mtoto amekohoa, basi. Halafu sina hakika na kila kitu. Mengine niliyaona kwa macho, mengine nilisimuliwa mara nyingi mpaka yakawa kama niliyaona. Nitajitahidi kuyatenganisha. Wengine waliokuwepo wameshatangulia na hawawezi kujitetea, kwa hiyo itabidi niwatetee mimi pale wanapostahili. Kwa kadiri ninavyoona, karibu wote wanastahili.

Tulikuwa tunakaa Kitandililo, kwa Bibi, mama yake baba. Ninyi mliokulia upande ule wa Makambako mnaujua upepo wake, ule unaopita kwenye miti ya milingoti ukasikika kama mvua wakati mvua hakuna. Baba alikuwa utingo wa malori ya nguzo za umeme. Alikuwa anatoka na lori, tunakaa muda bila kumwona, halafu asubuhi moja tunamkuta amelala usingizi mzito na viatu vyake vimejaa vumbi la mikoa tusiyoijua. Bibi alikuwa Mbena, Mlutheri tangu wazazi wake. Mama alitoka Ludewa, Mkatoliki wa kuzaliwa. Kibena mama hakukijua vizuri, na mimi nilikijua cha kuitwa kula na cha kugombezwa, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, na Bibi alikuwa anasali Kibena peke yake.

Baba na mama hawakuwa wamefunga ndoa kanisani. Sikumsikia mtu yeyote akiwatukana kwa hilo. Ilikuwa tu ni jambo lililokuwepo, kama mguu wa meza ulio mfupi.

Kabla ya mdogo wangu ninayemwandika kulikuwa na mwingine. Huyo aliishi siku chache tu, akafa kabla mtu hajafikiria habari za ubatizo. Alizikwa nyuma ya nyumba, karibu na mianzi ya kugema ulanzi, ile pombe yetu, na wanawake wachache walioshika majembe wenyewe. Hakuna aliyeimba. Mimi nilikuwa mdogo sana, lakini ukimya ule naukumbuka, udongo unaanguka na hakuna wimbo. Nilimuuliza mama kwa nini hawaimbi, akasema, "Hana jina, mwanangu. Waimbe nani?" Nikaelewa kwamba Mungu anawaita watu kwa majina mlangoni, na yule mdogo wetu amesimama nje anasubiri kuitwa, na haitwi kwa kuwa hakuna cha kumwita. Mama mwenyewe baadaye alikwenda kuongea na paroko, na paroko alimwambia kwa upole kwamba Mungu hafungwi mikono na jambo kama hilo, amwachie. Mama aliitikia. Lakini kila alipokwenda kukata kuni alizunguka njia ndefu ili asipite kwenye mianzi.

Basi alipozaliwa Gaudensi, jina lilikuwa tayari. Mama alilichagua mimba ikiwa bado changa, na akaanza kumwita hivyo tangu saa ya kwanza, kama mtu anayeshika pindo la nguo ya anayetaka kuondoka. Mtoto alikuwa mdogo, kifua chake kinapiga mluzi akinyonya, na midomo yake ilikuwa inaingia rangi ya zambarau akilia sana. Kule Njombe hospitali walimwambia mama kwamba moyo wake haujakaa sawa, akue kidogo apate uzito, halafu atapewa rufaa ya kwenda mbali. Mama alilisikia neno moja tu, nalo ni hilo "kidogo". Akasema, "Huyu lazima abatizwe mapema."

Tulikwenda kwa Mwalimu Kandidi, katekista wetu, mtoto akiwa mgongoni. Mwalimu alikuwa mrefu, na koti la kijivu halikumtoka mwilini iwe jua iwe baridi. Alituwekea kigoda barazani.

"Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Yuko safari, Mwalimu. Wamepeleka nguzo Singida."

"Anarudi lini?"

"Akirudi."

Mwalimu akacheka kidogo. "Mama Skola, sikiliza. Paroko anataka amsikie baba kwa kinywa chake mwenyewe. Yeye ni Mlutheri, ndoa hamjafunga. Kesho akija akasema mtoto wangu mmembatiza bila kuniuliza, mimi nitasema nini? Halafu kuna mafundisho ya wazazi, kila Jumamosi, wewe na msimamizi wa mtoto. Utaratibu ndio huo."

"Mtoto anaumwa."

Mwalimu aliinuka, akafunua shali. Gaudensi alimtazama, akamkamata kidole, akacheka na ufizi wote nje.

"Huyu?" Mwalimu akasema. "Angekuwa katika hatari ningembatiza hapa hapa kwa maji ya kunywa, nisingemuuliza mtu. Lakini huyu anacheka, mama."

Niseme kwa haki: alikuwa anacheka kweli. Hata mimi nilikasirika naye kwa kucheka siku ile.

Mama alimpigia baba simu. Tulisikia upepo na honi, na sauti ya baba inakuja na kupotea. "Mimi sina neno. Mbatizeni hata kesho. Mungu mwenyewe anajua niko Manyoni na pancha." Mama akapeleka maneno hayo kwa Mwalimu, akamwomba basi wampigie wamsikie. Mwalimu akasema kwa simu watu wanaagiza mbolea, hawaandikishi ubatizo. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa waliokuwepo walicheka, na mama akacheka nao, lakini njiani kurudi alitembea haraka mpaka nikabaki nyuma.

Bibi naye alikuwa na lake. Alilisema jikoni, anasukuma kuni motoni, bila kumtazama mama.

"Kwetu mchungaji angeshambatiza. Jumapili hii hii. Anauliza jina, anachota maji, mmemaliza."

"Mama, hili tulishaliongea."

"Nasema tu. Maji ni yale yale, bomba moja."

"Kama ni yale yale, basi nisubiri ya kwetu."

"Subiri," Bibi akasema. "Yule wa kwanza alisubiri?"

Mama aliweka sufuria chini, taratibu, akatoka. Bibi alibaki ameshika kuni. Nadhani alijua pale pale kwamba hilo halikupaswa kusemwa, maana jioni ile alipika yeye, na kwenye sahani ya mama aliweka nyama yote iliyokuwepo. Lakini mama hakula. Alimwambia, kwa heshima, macho chini: "Mama, mimi nakuheshimu. Ila siku utakayompeleka mwanangu usharikani kwenu bila mimi, siku hiyo nabeba watoto narudi Ludewa." Bibi akasema, "Nimesikia." Tangu siku ile habari za ubatizo hazikuzungumzwa tena kati yao.

Baba alirudi, akaoga, akavaa shati la kola, akaenda kwa paroko akasema alichotakiwa kusema. Mama Fidea wa jumuiya yetu akakubali kuwa msimamizi. Kwa muda kidogo mambo yalikwenda. Mama alishona gauni jeupe kwa mkono, akalifua kabla halijavaliwa, akalifua tena. Kila Jumamosi yeye na Mama Fidea wakawa wanakwenda mjini Makambako, parokiani, na kama upepo ni mkali mtoto anaachwa na Bibi.

Sasa hiyo Jumamosi.

Asubuhi yake mtoto alitapika maziwa kwenye sweta lake. Bibi alilifua akaliweka kwenye jiwe karibu na mafiga, na jikoni mle mkajaa ile harufu niliyoitaja. Mama alikuwa ameondoka muda mrefu. Nilikuwa nachambua maharage. Gaudensi alikuwa mapajani kwa Bibi, amefungwa shuka. Ghafla akakakamaa. Mikono ikanyooka, macho yakageuka yakabaki meupe, na rangi ile ya zambarau ikapanda kutoka midomoni mpaka kwenye paji la uso. Bibi alimwita jina. Akamwita tena. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo sana, "Lete maji."

Nikachota ndooni kwa kikombe cha bati. Akakipokea, akasema, "Simama mlangoni, angalia kama kuna mtu anapita."

Leo nina mtoto wangu na najua alichokuwa anataka: alitaka mtu, yeyote, mwenye pikipiki au mwenye miguu, wa kumkimbiza mtoto zahanati. Mimi nilielewa kwamba hataki tuonekane. Nikasimama mlangoni kama mlinzi wa mwizi. Njia ilikuwa tupu. Nilipogeuza shingo nikamwona amemlaza mtoto mkononi, anammiminia maji kichwani, na midomo yake inasema kitu. Ananyamaza, anamimina tena. Kilikuwa Kibena, lakini katikati nikasikia jina, Gaudensi. Nikaogopa, nikarudisha macho njiani. Nilipotazama tena mtoto alikuwa amelegea, anapumua, na Bibi anamfuta shingo kwa pindo la kanga. 

"Bibi," nikasema, "hiyo ni dawa?"

Alikunja pindo la kanga lililolowa. "Ndiyo," akasema. "Ni dawa. Ila mama yako hataipenda. Tukae nayo sisi."

Mama aliporudi, Bibi alimwambia habari za degedege, hakumficha, na walimpeleka mtoto zahanati siku ile ile. Habari za maji hakusema. Nami sikusema, kwa kuwa nilimpenda Bibi na nilikumbuka ile ahadi ya Ludewa.

Lakini nilikuwa kwenye darasa la komunyo ya kwanza, na Mwalimu Kandidi ndiye aliyetufundisha. Wiki hizo hizo alituambia kwamba mtu akienda kwa waganga, akatumia mambo ya kienyeji na kunuizia, hawezi kupokea sakramenti mpaka kwanza atubu kwa kinywa chake. Nilikaa kwenye benchi la darasa nikayapima maneno yake kwa mdogo wangu. Alimiminiwa maji, akanuiziwa kwa lugha nisiyoijua, mlango ukiwa na mlinzi. Na kutubu hawezi, kwa kuwa hajui hata kusema mama. Nikaona wazi kwamba mama anashona gauni bure. Watambatiza, maji yatateleza, hayatashika, kama rangi isivyoshika kwenye mafuta. Na mlangoni kule hataitwa. Sijui kama mtoto wa umri wangu anaweza kukata tamaa kama mtu mzima. Najua tu kwamba niliacha kucheza rede.

Halafu mambo yakaanza kuharibika. Mume wa Mama Fidea alipata kazi Tandala, huko Makete, wakahama karibu na tarehe ya ubatizo. Mama akapata msimamizi mwingine, dada mmoja wa kwaya, ila huyo alikuwa hajahudhuria mafundisho, ikabidi aanze mwanzo. Tarehe ikasogezwa. Mtoto naye akaanza kurudi nyuma. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, mashavu yakaisha. Akawa ananyonya kidogo, anaacha, anapumzika kama mzee anayepanda mlima, ananyonya tena. Mama aliacha kulala, akaacha kusuka nywele. Alikuwa anazungumza na mtu yeyote wa kanisa anayepita barabarani, hata ambaye hana uamuzi wowote, hata mpiga kengele.

Siku moja nilikwenda naye parokiani. Alimkuta Mwalimu nje ya ofisi, anafunga mlango.

"Mwalimu, mnataka nizike mwingine hivi hivi?"

"Usiseme hivyo, Mama Skola."

"Nisemeje? Nimekuja na baba, mkasema msimamizi. Nimekuja na msimamizi, mmesema mafundisho. Mafundisho ninayajua, ningeweza kukufundisha wewe. Ninachoomba ni maji."

Mwalimu aliutazama ufunguo uliokuwa mkononi mwake. "Nipe mpaka kesho," akasema. "Nitaongea na paroko. Nitamwambia nilivyokuona."

Na aliongea. Hilo lazima niliandike, maana baadaye watu wa Kitandililo walimsema vibaya. Kesho yake alikuja mwenyewe kwa baiskeli mpaka kwetu, akasema paroko amekubali, Jumapili hii inayokuja, mafundisho ya msimamizi yatamaliziwa baadaye. Mama alipiga magoti barazani kumshukuru, Mwalimu akaona aibu akamwinua.

Alhamisi mtoto alikataa ziwa.

Jirani mwenye pikapu ya viazi alitupeleka Njombe, mama na mtoto mbele, mimi na Bibi nyuma tumekaa juu ya magunia. Nilichukuliwa kwa sababu hakukuwa na wa kuniachia, na nilipewa chupa ya chai niishike. Wodini walimwekea mpira wa hewa puani. Daktari alikuja, akasikiliza kifua, akaenda, akarudi na mwingine. Walifanya walichoweza, nililiona hilo hata na utoto wangu. Mchana nesi mmoja mnene, mwenye sauti ya taratibu, alimshika mama bega. "Mama," akasema, "kama kuna mtu wa kuja kumwona, aje sasa."

Mama akasema, "Hajabatizwa."

Nesi hakushangaa. Alimtuma mtu parokia ya karibu. Yule mtu alirudi anahema, akasema mapadre wote wamekwenda kwenye mazishi nje ya mji, ameacha ujumbe. Mama akampigia Mwalimu Kandidi, nesi akimbonyezea namba. Simu yetu ilikuwa na sauti kubwa, ukiiweka spika jirani wote wanasikia. Mwalimu alisema paroko yuko vigangoni, kwenye makanisa ya vijijini huko bondeni, hapatikani. Kisha akasema, "Mama Skola, usisubiri padre. Batiza wewe. Maji kichwani, na maneno. Maneno unayajua."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi nipo kwenye simu, sikati."

Kulikuwa na maji ya kunywa kwenye chupa. Mama alifungua kifuniko cha chupa ya chai niliyoishika, akakisuuza, akamimina maji humo. Mengine yakamwagika kwenye shuka. Akamsogelea mtoto. Na mimi nikaona kwamba sasa ndiyo mwisho, anamiminiwa, na hayatashika, na hakutakuwa na Jumapili nyingine.

"Mama," nikasema, "hayatashika."

Hakunisikia. Nikamvuta kitenge. "Mama, hayatashika. Bibi alimfanyia dawa. Ile Jumamosi. Alimnuizia na maji."

Mama aligeuka, sio kwangu, kwa Bibi aliyekuwa amesimama dirishani. Uso aliokuwa nao sitaueleza, kwa kuwa haukudumu na sitaki ndio ubaki kwenye karatasi.

"Mama, ulimpa nini mwanangu?"

"Maji," Bibi akasema.

"Maji gani?"

"Maji tu. Ya ndooni." Bibi alijifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea. "Nilimbatiza."

Nesi aliacha alichokuwa anafanya. Mama alikuwa bado ameshika kifuniko.

"Alikuwa anaondoka," Bibi akasema. "Alikuwa mweusi hapa, na hapa. Wewe ulikuwa mafundishoni. Nikamkumbuka yule wa kwanza, na lile neno nililokuambia jikoni. Nikasema huyu hatakwenda vile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema utabeba watoto."

Kutoka kwenye simu, pale kitandani, ikaja sauti ya Mwalimu. "Mama Skola? Bado mpo?"

 Nesi ndiye aliyemweleza, kwa maneno machache, vizuri kabisa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kuna aliyeona?"

"Skola," Bibi akasema.

"Mpeni simu Skola."

Nilishika simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Skola, usiogope, na usiongeze kitu. Yale maji alimpaka au yalitiririka?"

"Yalitiririka. Yaliingia shingoni, Bibi akafuta na kanga."

"Alisema maneno wakati anamimina, au baada?"

"Wakati anamimina. Alisema Kibena. Sikuelewa, lakini alimtaja Gaudensi."

"Gaudensi? Sio jina lingine?"

"Gaudensi."

Nilimwona mama akimtazama Bibi. Na Bibi akamwambia, kama anayejitetea kwa kosa, "Ningemwita nani mwingine? Ndilo ulilompa."

Mwalimu akaomba apewe Bibi. Mwalimu naye alikuwa Mbena. Bibi aliyarudia maneno yale kwenye simu, polepole, mstari kwa mstari, amenyoosha mgongo kama mtoto wa shule, na wodi nzima ikasikiliza.  Mwalimu akamuuliza kitu kimoja tu zaidi, alikusudia nini. Bibi akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili mama asikie: "Nilikusudia asiende bila."

"Mama Skola," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "weka maji chini. Mtoto amebatizwa."

"Mwalimu, niache nimmwagie tu. Mara moja. Nitadhuru nini?"

"Hutadhuru kitu. Ila haitakuwa ubatizo. Huwezi kumwingiza mtu ambaye yuko ndani tayari."

"Miezi yote hii," mama akasema. "Nimetembea miezi yote hii." Hakusema kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyefika stendi amebeba mizigo yote akaambiwa wenziwe walishafika jana. Alikuwa amekuja na jambo moja tu la kumfanyia mwanawe, la mwisho, nalo lilikuwa limeshafanywa na mwingine, jikoni, yeye hayupo.

Gaudensi alituacha siku ile kabla jua halijazama. Alizikwa Kitandililo na gauni lake jeupe, jumuiya ikaimba, na nyuma yao wakaja watu wa usharika wa Bibi na nyimbo zao, wakapokezana mpaka kaburi likajaa. Baba alifika na lori lenye nguzo bado juu yake. Mwalimu Kandidi aliita jina kwa sauti kubwa, nami nikasikiliza, nikaona limeitwa vizuri, halina kasoro. Mama hakurudi Ludewa. Kama alimsamehe Bibi siwezi kusema. Siku nyingine niliona ndiyo, siku nyingine alikuwa anapika akisikia hatua za Bibi anafuta macho. Bibi naye hakuwahi kusema kwamba alikuwa na haki. Nimejaribu mara nyingi kumpata mwenye makosa, nikashindwa, na wala sioni kwamba kushindwa huko kumenipunguzia kitu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Ninachotaka kukiandika ni pale wodini, simu ilipokwisha kukatwa. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kifuniko kiko magotini. Nesi alikuwa amesogea mbali kidogo, ametugeuzia mgongo. Mtoto alikuwa anavuta hewa, anakaa, anavuta.

"Mama," mama akasema, bila kugeuka. "Alilia? Ulipommwagia."

Bibi akafikiri. "Hapana. Alipiga chafya."

"Chafya?"

"Ndogo. Kisha akafungua macho akanitazama, kama vile ananiuliza mbona maji ya baridi."

Mama aliguna, sikujua kama ni kicheko. Akasogea, akaacha nafasi kitandani, na Bibi baada ya kusita akaja akakaa hapo.

"Niambie yote," mama akasema. "Anza nilipotoka mlangoni."

Basi Bibi akaanza. Ulipotoka ulikuwa umevaa kitenge cha jumuiya, akasema, ukarudi kuchukua rozari. Mtoto alikuwa amelala. Nikafua sweta lake. Skola alikuwa anachambua maharage. Hakuruka kitu, hata kuni zilizokuwa mbichi zikatoa moshi alizitaja, na mama alikuwa anamtazama mtoto muda wote huo, hamtazami anayesimulia. Bibi akafika kwenye degedege, akafika kwenye kikombe.

"Ngoja," mama akasema.

Akaweka kifuniko chini. Akamvua Gaudensi kofia, akamlaza nywele kwa kiganja, akaweka mkono wake chini ya kichwa chake na kukiinua kidogo, kama anayemshika mtoto wa kubatizwa.

"Haya," akasema. "Endelea."